Sura ya Tisa: Nimeacha Kazi

"Sisi hatuamui kitu, afande," alisema karani wa vibali. "Sisi tunahesabu siku tu."

Aliigeuza kalenda ya mezani ili Inspekta Chujio aione vizuri. Alhamisi ya wiki hiyo, siku ya ishirini na nane, ilikuwa imezungushiwa wino mweusi. Leo ilikuwa Jumanne.

Chujio halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wenzake kituoni walimpa mwanamke huyu jina hilo kwa sababu kesi ikipita mikononi mwake, chai hushuka na majani hubaki. Alivuta kiti, akakaa bila kukaribishwa, akafungua daftari lake.

"Nieleze tena. Taratibu, kama unamweleza mtu asiyejua kitu."

"Mhandisi wa kigeni haji hapa kutalii," karani alianza. "Mwajiri ndiye anayemwombea kibali na ndiye anayemdhamini. Jina kwenye kibali ni la mhandisi, lakini roho ya kibali iko kwa mwajiri. Kazi ikiisha, kibali nacho kimekufa. Mke na mtoto wananing'inia kwenye kibali hicho hicho. Wanapewa siku ishirini na nane, kisha waondoke."

"Na akifa?"

"Akifa akiwa bado mwajiriwa, sheria ina huruma. Familia inapewa mwaka mzima."

"Akifa saa moja baada ya kuacha kazi?"

"Hapo hakufa mhandisi wa kampuni. Amekufa mtu tu. Siku ishirini na nane."

Chujio aliandika. "Na kama aliacha kwa sababu nzuri?"

Karani alimsogezea fomu ambayo Chujio mwenyewe alitakiwa kuijaza. "Tafuta mahali pa kuandika sababu."

Chujio aliigeuza mbele na nyuma. Palikuwa na visanduku viwili tu: MWAJIRIWA na SI MWAJIRIWA.

"Hakuna."

"Basi fomu imekujibu. Mimi ningekujibu kwa upole zaidi, lakini ndiyo hivyo." Karani alifungua jalada la mhandisi na kuonyesha karatasi ya chini kabisa. "Asije mtu akasema hakujua. Siku ya kwanza tu walisomewa masharti yote, yeye na mkewe. Saini yake hii."

Ilikuwa saini ndogo, iliyonyooka, ya mtu aliyezoea kuandika juu ya michoro.

"Ripoti yangu ikufikie lini?"

"Kesho saa nne asubuhi. Ikichelewa, siku zinaendelea kuhesabika zenyewe."

Chujio alitoka na nakala ya taarifa ya kampuni. Nje, kwenye ngazi, alisimama akaisoma tena pamoja na mambo mengine aliyokwisha kuyachuja. Karibu wiki nne zilizopita, siku ya Alhamisi, mhandisi alitoka getini saa kumi na moja na robo jioni. Dakika tano baadaye aliandika ujumbe wa maneno mawili: *Nimeacha kazi.* Saa kumi na moja na dakika arobaini alirudi getini, akamwambia mlinzi amesahau kitu, akapanda juu bila kofia ngumu. Hakutoka tena. Ijumaa asubuhi wafagiaji walimkuta chini ya shimo la lifti. Nani alimsukuma? Wiki nzima Chujio alilishughulikia swali hilo, na jibu lilikuwa hakuna. Daktari hakuona alama ya ugomvi. Ubao wa kuzuia watu kwenye shimo la ghorofa ya saba, ilipo ofisi ya saiti, ulikuwa umeondolewa mchana na mafundi wa vigae, hakuna aliyekumbuka kuurudisha.

Mfukoni mwake walikuta kitana, simu iliyopondeka isiyowaka tena, na mhuri wa kihandisi uliofungwa kwenye leso.

Swali lililobaki lilikuwa dogo kuliko kifo chenyewe. Saa ile anaanguka, alikuwa mtu wa nani? Mke wake alikuwa na mizunguko minane ya dripu ya saratani katika hospitali ya hapa, na alikuwa amemaliza mitatu. Hospitali ilitaka kuona kibali kila mzunguko. Kule kwao dawa hiyo haikuwepo.

*

Afisa utumishi wa kampuni aliitwa Tabasamu hata na wale waliomwogopa, hasa wale waliomwogopa. Ofisi yake ilikuwa na kiyoyozi na maua ya plastiki yaliyofutwa vumbi jani kwa jani.

"Pole na kazi, Inspekta. Chai?"

"Ahsante, nimekunywa. Ujumbe wa mhandisi ulikufikia saa kumi na moja na dakika ishirini. Saa kumi na mbili kasorobo ulikwisha kupeleka taarifa serikalini. Dakika ishirini na tano. Mtaalamu wako ameacha kazi, na wewe hukumpigia hata simu kumuuliza kulikoni?"

"Sheria inatupa saa ishirini na nne tu. Tukichelewa tunafungiwa kuleta wataalamu." Alitabasamu. "Mimi sipendi kuchelewa."

"Barua yake ya kuacha kazi iko wapi?"

"Ujumbe wa simu unatosha. Mkataba, kifungu cha kumi na nne." Alimpa karatasi iliyochapishwa. Ilikuwa na tarehe, saa, na yale maneno mawili katikati ya weupe mwingi.

"Nataka ujumbe wake wote. Kwenye kundi la saiti aliandika kila siku."

"Simu ya ofisi ilibadilishwa. Bahati mbaya."

"Lini?"

"Jumatatu iliyofuata."

"Na wafanyakazi wote waliobaki kwenye kundi hilo simu zao zimefutika wiki hiyo hiyo, kama kuku waliopata mdondo."

"Simu za siku hizi, Inspekta. Hazina uvumilivu."

Chujio alitazama ubao mweupe nyuma ya kiti chake. Uliandikwa: MICHORO YA NGUZO KWENDA MANISPAA, IJUMAA. Tarehe ya Ijumaa ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya mara kadhaa, wino mpya juu ya kivuli cha wino wa zamani.

"Ijumaa yenu haifiki?"

"Itafika." Tabasamu alisogea mbele. "Tena ulivyoitaja, kuna kitu kidogo. Vitu vya marehemu vikishamaliza kazi kwenu, kuna mhuri. Tungeomba urudi ofisini."

"Mhuri una jina lake na namba yake."

"Lakini ulikuwa unakaa kwenye droo yetu."

"Nani alikuambia alikuwa nao mfukoni?"

Kwa mara ya kwanza tangu Chujio aanze kuja pale, meno yalifichika.

"Nilikisia. Droo iko tupu."

Aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akafunga daftari. Mlangoni aligeuka.

"Alikuwa akiongea Kiswahili vizuri?"

"Alijitahidi. Sheria ya kampuni, kundi la saiti ni Kiswahili tu, ili walinzi na vibarua waelewe." Tabasamu lilirudi mahali pake. "Na maneno mawili, Inspekta, nani atayakosea?"

*

Fomeni wa zamani wa saiti ile alikutwa upande wa pili wa mji akijenga vyoo vya shule. Mafundi walimwita Timazi, kwa sababu hakuna ukuta uliopinda mbele yake ukasalimika. Alikuwa mtu mfupi mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi.

"Kutoka jengo la ghorofa tisa hadi vyoo sita," Chujio alisema. "Umepanda cheo?"

"Dada yangu, niliambiwa kipaji changu kinahitajika huku." Alitema mate pembeni. "Kisa nguzo za ghorofa ya tano. Nilizikwaruza kwa ukucha, mchanga ukamwagika. Nikasema. Kesho yake nikatolewa kwenye saiti na kwenye kundi la simu, siku moja."

"Ulimwambia mhandisi?"

"Nilimwambia. Akasema atapima mwenyewe, yeye hasadiki ukucha, anasadiki mashine. Sijui alipata nini. Hatukuonana tena."

Chujio alitoa ile karatasi. "Soma."

Timazi aliishika mbali na macho, akaisoma, kisha akafanya jambo ambalo Chujio hakulitegemea. Alicheka. Alicheka hadi akalazimika kukaa juu ya mfuko wa saruji, na kicheko kilipokwisha alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, na macho yalibaki mekundu.

"Maskini mhandisi wa watu. Hii ndiyo barua yao ya kuacha kazi?"

"Ndiyo hiyo."

"Dada, huyu bwana aliacha kazi kila siku ya Mungu."

"Sema vizuri."

"Hawa wageni wenye kibali cha kudhaminiwa, kampuni ndiyo inayowajibika kwa ajili yao. Kwa hiyo kila jioni lazima waandike kwenye kundi kwamba wamemaliza, wametoka. Sisi tunaandika *nimetoka kazini*. Yeye kajifunzia wapi sijui, akaona kuacha ni kuacha. Ameacha nyundo, ameacha kazi, anakwenda kulala. Kila jioni, *Nimeacha kazi*. Subiri."

Alitoa simu yenye kioo kilichopasuka kama utando wa buibui. Hakuwa amefuta kitu. Alitolewa kwenye kundi, lakini maneno ya zamani yalibaki. Alianza kupandisha kwa kidole gumba, na Chujio akasogea kusoma pamoja naye.

*Nimeacha kazi.* Chini yake fundi umeme: *Pole sana mhandisi, kesho njoo uombe upya.*

*Nimeacha kazi.* Dereva wa winchi: *Tena? Mke atakula nini?*

*Nimeacha kazi mapema, mvua.* Timazi mwenyewe: *Acha na mwavuli basi.*

*Nimeacha kazi. Kesho nakuja saa moja.* Watu tisa walikuwa wameweka sura za kucheka.

"Na hakuna aliyemsahihisha?"

"Nani? Ilikuwa burudani yetu, dada. Mtu anakosea vizuri namna hiyo, utamharibia? Yeye alidhani tunacheka kwa sababu tunampenda." Alipangusa kioo cha simu kwa kidole. "Na tulimpenda."

"Tabasamu alikuwa kwenye kundi?"

"Huyo hapo, angalia. Anaweka kidole gumba juu, kila siku. Amesoma kila moja."

Chujio alikaa kwenye tofali, akaomba simu, akahesabu. Alipiga picha kila ukurasa na kuandika tarehe. Kazi hiyo ilimchukua zaidi ya saa mbili. Mafundi walimaliza mstari mzima wa ukuta wakati yeye akisogeza kidole. Mara mia tano na themanini na tatu, katika miaka miwili na miezi miwili, mhandisi alikuwa ameacha kazi, na kila asubuhi iliyofuata alikuwa saiti kabla ya vibarua.

Ujumbe wa mwisho katika simu ya Timazi ulikuwa wa wiki tano kabla ya kifo.

Alimpigia mkuu wake akiwa bado amekaa pale.

"Mara ngapi?" mkuu aliuliza.

"Mia tano themanini na tatu. Afisa utumishi aliziona zote. Ile moja ya mwisho tu ndiyo akaipeleka serikalini."

"Basi wamekwisha. Andika alikuwa mwajiriwa. Mimi nitatia saini kabla ya saa nne."

"Zipo wiki tano sina. Baada ya fomeni kutolewa."

"Chujio." Mkuu alipumua kwenye simu. "Mtu akikosea mara mia tano, ya mia sita atapatia? Andika. Na umpelekee yule mama vitu vya marehemu, vinakaa bure kwenye kabati langu."

*

Familia ya mhandisi iliishi vyumba viwili juu ya duka la rangi. Harufu ya rangi ilipanda hadi mlangoni. Ndani, maboksi manne yalikuwa yamekwisha kufungwa kwa utepe wa gundi na moja lilikuwa wazi, likisubiri.

Mjane alikaa kitandani na kitambaa kichwani, kimefungwa chini hadi kwenye nyusi ambazo hazikuwepo tena. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na hospitalini: ngapi, lini, inauma hapa. Mengine yote yalipitia kwa binti yake wa miaka tisa, ambaye alikuwa bado na sare ya shule na kalamu nyekundu nyuma ya sikio.

"Karibu shangazi," binti alisema. "Mama anasema samahani, viti tumeviuza."

"Hapa panatosha." Chujio alikaa juu ya boksi. Hakuwa mtu wa kuchelewesha habari, mbaya au nzuri. "Mwambie mama nimeona ujumbe wa simu. Ile *nimeacha kazi* haikuwa barua ya kuacha kazi. Baba alikuwa akikosea neno. Alimaanisha ametoka kazini tu, anarudi nyumbani."

Binti hakutafsiri. Uso wake ulikuwa umechangamka kama wa mwanafunzi aliyeulizwa swali analolijua.

"Ndiyo! *Nimeacha kazi!* Alikuwa anakosea hiyo kila siku! Mimi ndiye niliyemsahihisha."

Chujio alimtazama.

"Ulimsahihisha lini?"

"Nilimshika. Nilikuwa nacheza na simu yake nikaona watu wanamcheka. Nikamwambia, baba, hao hawachekeshwi na mambo mazuri. *Kuacha* ni usirudi tena. Sema *nimetoka kazini*. Akaona aibu, masikio yakawa mekundu. Subiri nikuonyeshe."

Alipiga magoti kwenye boksi lililokuwa wazi, akatoa daftari la mistari lenye jalada la buluu. Alilifungua katikati, akampa Chujio kwa mikono miwili, kama anavyompa mwalimu.

Mwandiko ulikuwa ule ule wa saini, mdogo, umenyooka. *Nimetoka kazini. Nimetoka kazini. Nimetoka kazini.* Mistari ishirini. Kila mstari ulikuwa na alama ya vema kwa wino mwekundu, na chini: *20/20. Vizuri sana baba. Ukirudia kosa utaandika mara 100.* Juu kulikuwa na tarehe, kwa sababu mwalimu wake alimfundisha kwamba kazi isiyo na tarehe haisahihishwi.

Chujio alihesabu kwa vidole, chini ya daftari. Wiki tatu kabla ya kifo.

"Na baada ya hapo alirudia kosa?"

"Hata siku moja! Nilikuwa namkagua simu kila jioni akirudi. *Nimetoka kazini, nimetoka kazini.*" Kisha alipunguza sauti. "Ila Alhamisi ile hakurudi. Sikukagua."

Mjane aliuliza jambo kwa lugha yao. Binti akajibu haraka, akionyesha daftari, na mama akatabasamu kidogo. Labda alikumbuka yale masikio mekundu.

"Naomba nione," binti alisema. "Hiyo ya Alhamisi. Unayo?"

Chujio aliitoa ile karatasi kwenye bahasha. Mtoto aliisoma, na uchangamfu ukamtoka.

"Kumbe alisahau," alisema polepole. "Siku ya mwisho kabisa akasahau."

Njia ya kupita ilikuwepo hapo. Mtu aliyekosea miaka miwili anaweza kurudia kosa siku moja akiwa amechoka. Mkuu angeikubali, na karani naye angeikubali. Chujio aliitazama njia hiyo kwa muda ambao ungemtosha mtu kufunga kifungo, kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa vitu vya marehemu, kwa sababu ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Alitoa kitana, kisha simu, kisha ile leso. Aliifungua juu ya goti. Mhuri ulikuwa mzito, mpini wake umeng'arishwa na kiganja.

"Muulize mama. Baba alikuwa akirudi na hii nyumbani?"

Binti aliuliza. Mama alitikisa kichwa, akasema maneno machache.

"Mama anasema hapana. Haijawahi kuja hapa. Baba alikuwa anasema, mhuri unalala kazini, mimi nalala nyumbani."

Mtu anayetoka kazini hauhitaji mhuri wake usiku. Alikwisha kufika nje ya geti na kuandika maneno yake mawili, kisha akakumbuka kwamba droo ni yao na jina ni lake: wangeweza kuupiga bila yeye. Kwenye ubao wa Tabasamu ilikuwa imebaki siku moja ifike Ijumaa. Alirudi kuuchukua. Kofia alikwisha kuikabidhi.

"Muulize kama siku ile asubuhi baba alisema lolote kuhusu kazi."

Safari hii mama alijibu kwa kirefu, macho yake yakiwa kwenye mhuri. Binti alisubiri amalize.

"Alisema kuna karatasi ya nguzo hataki kuipiga mhuri. Alipima akaona ni mbovu. Alisema wakimlazimisha sana hajui atafanya nini. Mama akamwambia, vumilia mpaka nimalize dawa."

Chini dukani mtu alikuwa akigongagonga kopo la rangi ili lifunguke.

Kwa hilo mjane hakuhitaji mkalimani. Alitazama mhuri, daftari, karatasi, akaviunganisha kwa mpangilio ule ule ambao ulimchukua Chujio wiki nne kuufikia. Aliponena, sauti yake haikupanda.

"Mama anauliza," binti alisema, "baba alijua kwamba siku ni ishirini na nane?"

Saini ndogo iliyonyooka, chini ya jalada.

"Mwambie alijua."

Mtoto alimwambia. Mama aliinamisha kichwa. Kisha alisema jambo jingine, fupi.

"Mama anasema si lazima uandike."

"Mwambie nimelifikiria hilo. Nikiandika alikufa akiwa bado mhandisi wao, basi nguzo ni zake. Wataleta mhuri mwingine wenye jina lake, watasema ndizo alizozikubali. Watu watahamia kwenye lile jengo. Likianguka, jina litakuwa la baba yako. Mwambie kama unavyoweza."

Binti alihangaika na maneno, akarudia sehemu moja mara mbili. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu kitu huku akitazama ukuta, kitu kirefu kidogo, na mtoto hakukitafsiri.

"Amesema nini?"

"Hajasema na wewe, shangazi."

Chujio alifunga mhuri kwenye leso. Alipaswa kuurudisha kituoni sasa, ulikuwa umegeuka kielelezo. Daftari la buluu nalo. Alilishika, lakini hakuliweka kwenye bahasha.

"Nitalihitaji hili. Utaandikiwa hati ya kulipokea."

"Sawa." Binti alikuwa bado na ile karatasi ya Tabasamu mkononi. "Kwa hiyo aliacha kazi kweli? Kuacha, kuacha? Ya kutorudi?"

"Ndiyo."

"Alitaka kuacha ndipo akaandika *nimeacha*?"

"Ndiyo, mwanangu."

Mtoto aliilaza karatasi juu ya boksi, akaisoma tena neno kwa neno, midomo ikicheza. Alitoa kalamu nyekundu nyuma ya sikio.

"Basi ni sahihi," alisema, akaweka vema.

Alipuliza wino ukauke, akamrudishia Chujio karatasi kwa mikono miwili. Kitandani, mama yake alinyoosha mkono akauokota utepe wa gundi, akaanza kutafuta kwa ukucha mahali ulipoanzia.